Walikula au Walilishwa

Ng'ombe walimaliza mpunga wa mama kati ya alfajiri na chai. Masuke yalikuwa yameshainama, tulikuwa tunanoa mundu. Walichobakiza walikikanyagia topeni, na punje zile hata kuku walizipita.

Tulikaa Usangu, upande wa Rujewa, miaka ya sabini. Baba alishafariki, na shamba lile ndilo lililotulisha mwaka mzima. Ng'ombe walikuwa wa jirani yetu, mzee aliyehamia kutoka kaskazini. Maziwa ya nyumbani tulichukua kwake.

Jioni kamati ya kijiji ilikaa. Mwenyekiti akauliza, "Mama, walikula au walilishwa?"

Kwetu hayo yalikuwa mashauri mawili. Wakila, ni bahati mbaya, watu wanapeana pole. Wakilishwa, kuna mtu amewaswaga kusudi, naye atarudisha mpunga kwa mpunga.

"Mimi nimekuta wameshiba," mama alijibu.

"Waulizeni wenyewe, wako hapo nje!" mmoja akadakia, watu wakacheka.

Mzee akasimama. "Mama, nakuheshimu. Lakini mwaka huu umelima mpaka kwenye mapito. Ng'ombe anakwenda majini kwa njia anayoijua."

"Nimelima nilipogawiwa, mzee. Na walionigawia ni hawa waliokaa hapa."

Mwenyekiti akakohoa, akasema twende shambani tukaangalie alama za kwato. Ng'ombe waliojiendea huingia wametawanyika. Walioswagwa huingia kwa mkupuo, mahali pamoja.

Tulikwenda. Lakini tangu asubuhi majirani walikuwa wakija kutoa pole, na kila aliyekuja alizunguka shamba lote ajionee. Akina mama waliingia hadi katikati kumsaidia mama kuinua mashina. Ukingo mzima ulikuwa nyayo za watu.

Akabaki shahidi mmoja, mpwa wa mzee, aliyekuwa akichunga asubuhi hiyo. Mzee akasema ameondoka mchana kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Kamati ikasema itamngoja.

"Na wanangu wale nini mkimngoja?" mama aliuliza. Walikuwa wameshaanza kunyanyuka.

Kabla ya masika tulihamia Uyole kwa mjomba, tukala kwa zamu na watoto wake. Mama alituma watu kuulizia kila alipopata wa kumtuma. Jibu lilikuwa lilelile: mpwa hajarudi, na kamati bado haijaamua ni neno lipi.