Miaka au Chai

Umeme ukikatika hapa Dar es Salaam, jirani yangu huwasha jenereta. Harufu ya petroli ikiingia dirishani, mimi ninarudi utotoni, kijijini Kitangari, kwenye banda la video la jenereta la mjomba wangu Hilari, kaka yake mama, hata mboga jikoni ninaisahau.

Banda lilikuwa la mabati, na joto lake lingeivisha yai. Tulikaa chini na korosho zetu za kuchoma, vidole vyeusi. Mjomba alisimama kando ya runinga na kipaza sauti, akitutafsiria Kiingereza: sauti nyembamba kwa wanawake, nzito kwa majemadari. Alikisoma shule ya misheni, akajivunia, nasi tukamjivunia. Mimi nilitembea kichwa juu kijiji kizima kwa ajili ya mdomo wa mjomba wangu.

Siku moja akatuonyesha picha ya watu wa anga za juu. Nahodha alikuwa akimuaga binti yake mdogo, Mjomba akatafsiri kwa sauti ya kilio: "Safari hii ni ya miaka, mwanangu. Nikirudi utakuwa bibi." Akina mama wakajifuta machozi kwa ncha za kanga. Huko nyotani nahodha akasikia nyumbani kuna hatari, akageuza chombo, akafika. Binti alikuwa na gauni lile lile, na chai waliyoiacha mezani bado ilikuwa inafuka moshi.

Banda zima likaangua kicheko. Sisi tulikuwa watu wa kushuka bondeni kuteka maji. Njia tuliijua kwa miguu, na kama kuna upande uliozidi urefu, basi ni wa kurudi, ndoo ikiwa kichwani.

"We Hilari!" akapaza sauti Bakari, dereva wa lori la korosho. "Kwenda miaka, kurudi chai haijapoa? Hicho Kiingereza ulikisomea wapi?"

Hakuna aliyeilaumu picha. Picha imetoka Ulaya, itakoseaje? Tangu hapo Mjomba akisema anakwenda mahali, watu walimuuliza: "Ya miaka au ya chai?" Mwanzoni alicheka nao. Kabla msimu wa korosho haujaisha aliuza kipaza sauti, akarudi shambani. Watu wakimletea barua ya Kiingereza awasomee, alisema macho yake hayaoni vizuri. Nami niliona aibu kimyakimya, nikaamini kama wengine.

Juzi wanangu walikuwa wanaangalia picha ile ile, tafsiri ya Kiswahili ikiandikwa chini. Nilisimama na mwiko mkononi, nikasoma. Nahodha alisema miaka. Alisema bibi. Na chai ilikuwa inafuka moshi. Mjomba hakukosea hata neno; waliotengeneza picha ndio hawakujisumbua kuhesabu.

Nikampigia simu palepale.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

Nikamweleza yote.

"Kumbe nilitafsiri sawa?" akauliza. "Mimi nilidhani kweli sijui."

Utotoni niliona amechoshwa na utani wetu, basi. Sikujua kwamba alikuwa ametuamini, akauzika ujuzi wake akiwa bado kijana. Iliniuma sana.

Nikamwambia nitakuja kumwona karibuni. Hakuniuliza kama ni ya miaka au ya chai. Nilitamani aniulize.