Herufi Ndogo za Juu ya Neno

Binti yangu anasoma Kijapani chuoni hapa Minneapolis. Kijapani, jamani! Kiswahili cha mamake anakisikia nusunusu na kunijibu kwa Kiingereza, lakini Kijapani anakikeshea.

Kila Jumapili tukitoka kanisani nilimpigia mamangu, aliyekuwa Kisauni, kwetu pwani, kisha nikampa binti simu. "Shikamoo, nyanya." "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Shule yaendaje?" Hapo Kiswahili chake kimekwisha mafuta, simu inanirudia mimi. Moyo wa mamangu ulikuwa umechoka, pumzi zinakatika, na kila nikiagana naye aliniuliza swali lilelile: "Huyu mtoto nitaongea naye lini?"

Majira ya baridi yaliyopita, binti akanijia mezani kwetu Fridley, pembeni mwa jiji, na kitabu chake. Maneno mazito ya Kijapani, yale yanayoandikwa kwa herufi zilizotoka Uchina, yalikuwa na vijiherufi juu yake. Akaniambia vinaitwa furigana: vinaonyesha neno linavyotamkwa, ili msomaji asikwame. Wapigachapa wa Japani huviita rubi, na neno lenyewe si lao. Zamani Waingereza waliita saizi za herufi kwa majina ya vito, na ile ndogo ndogo ikawa rubi, yaani yakuti. Wamarekani saizi hiyohiyo wakaiita akiki, kama vile vijiwe vyekundu tunavyookota kwenye changarawe kule Anoka.

"Haya, umeerevuka," nikamwambia. "Sasa nyanyako atafaidi nini?"

Kumbe alikuwa na hesabu zake. Alitaka nimtungie salamu ndefu za nyanya, aziandike, halafu juu ya kila neno aweke rubi za Kijapani. Alisema akiona herufi za Kiingereza macho yanamdanganya azitamke Kiingereza, ila za Kijapani a ni a, u ni u, kama kwetu. Nilicheka mpaka machozi. Damu ya Kisauni isome Kiswahili kwa hisani ya Wajapani! Makubwa! Lakini nilitunga, naye akafanya mazoezi wiki nzima, mpaka bafuni.

Jumapili ikafika. Nikaweka simu kwenye spika, akasoma. Wallahi sikuamini masikio yangu. Alimpa nyanya pole ya ugonjwa, akamwambia anamkumbuka, akamwambia anataka kujua alivyokuwa msichana. Hakukwama popote. Upande wa pili nikamsikia mamangu akipiga kigelegele chembamba, pumzi zikamkatiza.

"We mama yake," akaniita, "toka hapo. Nenda jikoni. Leo nina maneno na mjukuu wangu, ya siri yetu wawili."

Nilifungua mdomo nimwambie, Mama, mtoto anasoma tu. Sikuweza. Sikuwa nimemsikia na furaha ile tangu baba afariki. Nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji nisisikie, maana siri ya mtu ni ya mtu.

Waliongea muda mrefu. Niliporudi, binti alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, uso umemshuka.

"Amesema nini?"

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hajui. Nyanya alisema upesi sana, tena kwa sauti ya chini, na katikati alilia. Mwishoni alikuwa akimuuliza, "Sawa? Sawa, mjukuu wangu?" Naye akajibu, "Sawa, nyanya."

Nilipiga tena palepale. Dada yangu akapokea, akasema Mama amelala, amechoka kwa furaha, tusimsumbue. Alhamisi yake Mama alifariki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu alikuwa sebuleni kwangu, na majuto yakaja yakakaa naye. Ningebaki pale kando yake, nikimnong'oneza, maneno ya mamangu yasingepotea. Rubi haina kazi nyingine.

Siku hizi ananiuliza Kiswahili kila dakika, nikiendesha gari, nikikaanga vitunguu. Nina hasira naye na nina huruma naye, na hasira yenyewe najua ni yangu mwenyewe. Juzi alinikuta nikikunja nguo. Akasema, kwa Kiswahili, polepole:

"Mama. Nilimwahidi kitu. Ni kitu kizuri?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Nilisema kama alivyosema yeye kwa nyanyake, bila kujua.