Koti Letu Katika Orodha ya Picha
Studio yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya stendi ya Tukuyu. Kaka yangu alipiga picha, mimi nilikaa kwenye kompyuta. Ilikuwa miaka ile ambayo filamu zilianza kuadimika na kompyuta zilizotumika zikawa zinauzwa Mbeya kama mitumba. Tulinunua moja, pamoja na kamera ya dijitali, na kila picha tuliyoingiza tuliipa neno la kuitafutia baadaye.

Shida ni kwamba kila aliyekalia kile kiti aliandika neno lililomjia. Kaka aliandika "harusi", wifi yangu "ndoa", mimi "sherehe". Kulikuwa pia na "mvua", "wale wa Masoko", na "nzuri". Ukitafuta harusi moja ulipita milango mitatu, huku mteja amesimama nyuma yako, mwavuli wake ukidondosha maji sakafuni.

Mvua za masika zilipopunguza wateja, niliamua kuisafisha orodha yote, na niliapa sitaiacha njiani. Nilikuwa naandikia gazeti habari za wilaya, na kazi hiyo ilinizoesha maswali matatu: nani, wapi, kulikuwa na nini. Neno lisilojibu hata moja nililifuta. Harusi, ndoa na sherehe za kuoana niliziweka chini ya neno moja, kila moja na kijiji chake.

"Na 'nzuri' unaifuta?" kaka aliuliza.

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa mpigaji."

"Imeshakwenda."

Nikafika kwenye "koti letu". Koti lenyewe lilikuwa la suti, jeusi, la mtumba, na lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Aliyekuja bila koti aliazimwa. Lilikuwa pana mabegani, hivyo wembamba tuliwabana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Nusu ya wanaume wa Rungwe walikuwa wamelivaa. Neno hilo halikujibu nani, wala wapi, wala nini.

Kabla sijalifuta, mama mmoja aliingia na mtoto mgongoni. Alitoka Masukulu. Mumewe alikuwa amezikwa, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja.

"Huyu hajaanza hata kutembea," alisema, akimwinua mtoto begani. "Akiuliza baba alikuwaje, nitamwonyesha nini? Kama hapa haipo, basi haipo popote."

Niliandika jina la marehemu. Hakuna kitu.

"Labda mliandika la rafiki yake. Walikuja pamoja, na rafiki ndiye aliyelipa." Jina la rafiki hakulijua.

"Ilikuwa mwaka gani, mama?"

"Ule upepo ulioangusha migomba."

"Mama, huku upepo unaangusha migomba kila mwaka," kaka alisema.

Alitabasamu kidogo. "Basi ulizeni alivaa nini. Alivaa koti lenu. Alirudi akinisimulia hilo koti kuliko safari nzima."

Nilimsogezea benchi, nikalifungua lile neno. Wanaume wakajipanga kwenye kioo cha kompyuta, safu baada ya safu, wote na koti moja.

"Huyu ni jirani yetu," alisema. "Kuchangia bomba la maji hana hela, kumbe koti analo."

"Ni letu, mama."

"Najua. Acha nimseme."

Safu ziliendelea, na baada ya muda macho yake yakaanza kuchoka. Niliona anatazama bila kuona. Kaka akaacha kufuta lenzi.

"Mama, alikusimulia nini hasa kuhusu koti?" aliuliza.

"Vifungo. Viwili, vinang'aa kama dhahabu."

Kaka akanigeukia. "Kimoja kilipotea kwenye harusi ya Kisondela, tulipomwazima bwana harusi. Basi mumewe alikuja kabla ya hapo."

Nikaingia kwenye harusi, nikachagua Kisondela, na kwa mara ya kwanza orodha yangu ikanijibu papo hapo. Nikaichukua tarehe, nikarudi kwenye koti, nikabakiza tu picha zilizoitangulia. Zilibaki chache.

Katika mojawapo mama alimwona mumewe. Alisogeza uso karibu na kioo, akamgeuza mtoto naye atazame.

"Kumbe lilimpwaya," alisema.

Kaka alimwambia tunaweza kukata picha ibaki sura peke yake, koti lisionekane.

"Liacheni. Alilipenda."

Tuliichapa. Akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaiingiza chini ya khanga, upande ambao mvua isingefika. "Ndaga," alitushukuru kwa Kinyakyusa, akatoka.

Kwenye picha ile niliandika jina la marehemu na Masukulu.

"Kwa hiyo 'koti letu' linabaki," kaka alisema.

"Linabaki."

"Na 'nzuri' inarudi?"

"Hairudi."

Nilichukua kalamu, na chini ya maswali yangu matatu, kwenye karatasi niliyobandika ukutani, nikaongeza la nne: anayeitafuta ataikumbuka kwa lipi? Kisha nikarudi kwenye kiti. Neno lililofuata lilikuwa "mvua". Safari hii sikulifuta. Nilifungua picha zake, nikaanza na ya kwanza.