Kufuli la Wodi ya Wazazi

Kila mwaka, joto la Dubai linapozidi, madam wangu humchukua mama yake pamoja nami, tukaenda kukaa miezi miwili Uskoti, katika mji mdogo ulio kando ya ziwa. Kazi yangu ni kumtunza huyo mama. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, na nilipomweleza maana yake akaridhika na jina hilo.

Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Nyumba za mawe, duka la mikate, duka la dawa, kanisa, gati fupi la mbao, bata wasioogopa mtu. Watu husalimiana kwa kuambiana habari za mvua. Ziwa ni jeusi na baridi, na nyuma ya nyumba kuna milima. Mara ya kwanza nilipouona nilisimama njiani. Mimi nami nilizaliwa katika mji mdogo wenye ziwa mbele na milima nyuma, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na kwa kitambo kidogo sikujua niko wapi.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumanne, kiangazi cha mwaka juzi. Tulikuwa tumenunua mkate. Nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu kwenye njia ya kando ya ziwa, na Bibi, aliyekuwa mwalimu katika mji huo maisha yake yote ya kazi, alikuwa akinionyesha mzee mmoja aliyekuwa akipaka boti rangi.

"Nilimfundisha kuzidisha miaka mitatu," alisema. "Mpaka leo hajui."

Ndege mbili za kijeshi zikatokea nyuma ya mlima.

Watu wa pale wamezizoea, ni mazoezi. Hupita chini kabisa, kati ya milima, na mlio wake hukufikia zikiwa zimeshapita. Mimi nilikuwa sijawahi kuziona.

Niliachia kiti.

Nilipojitambua nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya ukuta wa kanisa, mikono kichwani. Nikainuka, nikachungulia. Kiti kilikuwa kimeteremka chenyewe kuelekea majini na kuzuiwa na benchi. Bibi alikuwa amekaa vilevile, shali yake chini.

Nilirudi. Nilimwokotea shali.

"Hukufunga breki," alisema. Hakuwa na hasira.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa niambie ulikuwa unakimbia nini."

"Ndege."

"Hapana. Ndege zilishapita. Wewe uliendelea kukimbia."

Nilikaa kwenye lile benchi, nikamsimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mhudumu katika kituo cha afya cha mji wetu. Nilifagia, nilichemsha vifaa, nilishika taa umeme ulipokatika. Aliyenifundisha kazi ni mkunga wetu, Mama Riziki, mwanamke mpole wa sauti na mkali wa macho. Asubuhi ile alikuwa amemzalisha Faida, muuza samaki wa mtaa wa pili, mapacha wasichana. Wa kwanza alikuwa na afya. Wa pili alikuwa mdogo sana, alitosha kwenye viganja vyangu viwili. Faida alivuja damu nyingi. Hakuweza hata kukaa.

Saa nne tukasikia bunduki upande wa barabara ya mlimani. Uvumi tulikuwa tumeuzoea, bunduki tulikuwa tumezizoea, lakini hizi zilikuwa zinasogea. Watu wakaanza kupita mbele ya kituo na magodoro vichwani. Mganga wa kituo alikuwa ameondoka tangu jana yake. Mlinzi naye hatukumwona tena.

Tulijaribu kumwinua Faida. Akazimia mikononi mwetu.

Mama Riziki alifikiri kidogo tu. Akanipa ufunguo.

"Tufungie kwa nje," alisema. "Wakiona kufuli watajua hamna mtu. Wewe jifiche kwenye muhogo hapo nyuma. Wakishapita, njoo utufungulie."

"Na wasipopita?"

"Watapita, mwanangu. Wanatafuta vitu, hawatafuti wazazi."

Mlango wa wodi ulikuwa wa chuma. Madirisha yalikuwa na nondo. Nilibana kufuli, nikalivuta kuhakikisha, nikaingia kwenye muhogo.

Walikuja.

Niliona buti na ncha za bunduki. Mmoja alilitikisa kufuli. Alisema neno, mwenzake akacheka.

Wakaondoka kuelekea sokoni.

Kutoka pale nilipolala hadi mlangoni hapakuwa na hatua thelathini. Njia ilikuwa nyeupe. Niliinuka, ufunguo mkononi.

Nikakimbilia ziwani.

Mtumbwi wa mwisho ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nilipanda. Tulipokuwa mbali na nchi kavu nikagundua kwamba bado nimeushika ule ufunguo, umenichora kiganja. Niliuachia majini taratibu, ili asiwepo wa kuniuliza ni wa nini. Kukimbia naweza kusema ni miguu. Kuutupa ule ufunguo ilikuwa mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa niliishi miezi minne bila kuuliza habari. Siku moja akaja mwanamke mgeni kutoka upande wa kwetu, asiyenijua, akakaa karibu nami kwenye foleni ya maji na kuanza kusimulia. Wapiganaji walipiga kambi sokoni siku mbili. Waliofungiwa wodini hawakuthubutu kupiga kelele, na ndani mlikuwa na ndoo moja tu ya maji. Siku ya tatu mtu aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliwasikia, akavunja kufuli kwa jiwe. Yule pacha mdogo alikuwa ameshafariki.

"Na binti aliyekuwa na ufunguo walimuua kwenye muhogo," akasema. "Angekuwa hai asingewaacha."

Nilimwambia pole. Foleni ikasogea.

Sikuwa na mama wala baba wa kunitafuta. Nikakaa mbali na watu wa kwetu, nikavuka hadi Uganda, na kutoka Uganda nikaja huku. Kwa miaka kumi nilikuwa marehemu mwenye sifa njema.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imeanza, ile yao nyembamba isiyomkimbiza mtu.

"Mkunga na yule mama aliyejifungua, wako hai?" aliuliza.

"Naamini hivyo."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

Nilisukuma kiti hadi nyumbani. Habari za siku ile hakumwambia binti yake, wala hakunirudia swali lake.

Tuliporudi Dubai ilinichukua wiki tatu kuipata namba ya Mama Riziki, kupitia waumini wa kanisa la kwetu waliotawanyika nchi mbalimbali. Siku yangu ya mapumziko mimi hulala mtaa wa Muraqqabat, kwenye chumba ninachochangia na Waganda wanne. Jumapili ile wote walikuwamo, mmoja anapiga pasi sare, mwingine anaongea na watoto wake. Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi, nikapiga.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza. Ilikuwa imezeeka.

"Ni Nabintu, Mama. Wa kituo cha afya."

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga kwa mbali.

"Walikupiga risasi wapi?" aliuliza.

"Hawakunipiga, Mama. Nilikimbia. Walikuwa wameshapita."

"Najua," alisema. "Nilitaka useme mwenyewe. Nilikusikia. Mwendo wako nilikuwa naujua. Faida aliuliza ni nani huyo anakimbia, nikamwambia ni mbuzi."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Halafu nikawaambia watu umeuawa. Faida alikuwa na mtoto mfu mkono mmoja na wa kunyonyesha mkono wa pili. Mwenye chuki moyoni hatoi maziwa, mwanangu. Ilibidi nimpe mtu wa kumlilia." Akakohoa. "Sasa mimi nimezeeka, na uongo huo sitaki nife nao. Mpigie mwenyewe."

Nilimpigia Faida Jumapili iliyofuata, palepale kwenye ngazi, kwa namba aliyonipa Mama Riziki. Nilimweleza yote, hata habari ya ufunguo. Hakunikatiza.

"Yule aliyebaki nilimpa jina lako," alisema.

Nilimuuliza kama anasoma.

"Yuko darasa la tano. Wakiulizwa shuleni maana ya majina yao, wenzake wanasema jina la bibi, jina la shangazi. Yeye husimama akaeleza habari zako."

"Mwambie ukweli, dada."

"Nimwambie nini?" Hakupandisha sauti. "Jina sitambadilisha. Limeshakuwa lake, analibeba vizuri. Ila wewe usimpigie kamwe. Na usinitumie kitu chochote, hata nguo."

"Nimesikia."

"Na yule mdogo hakupata jina. Hatukuwahi. Nilitaka ulijue hilo."

Akakata.

Nilikaa pale kwenye ngazi hadi mmoja wa wenzangu alipotoka kunitafuta. Aliniuliza kama nimefiwa. Nilimjibu ndiyo, zamani, na akanishika bega, nami sikustahili.

Wengi tuliotoka kule husema vita vilituchukulia kila kitu, na wanasema kweli. Vilichukua mji wetu, vikachukua watu ambao hadi leo hatujui walipozikwa. Lakini kifo cha mtoto wa Faida siwezi kuvisingizia vita. Pale mlangoni vita vilikuwa vimeshaondoka. Nilikuwa nimebaki mimi.