Siku Niliyokuwa Mteja Feki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiona kibao kimepakwa rangi mpya inanirudia yote. Nilishuka kwenye basi pale Ipogolo asubuhi, nikapanda mlima kwenda Iringa mjini, shati nimechomekea, naenda kujifanya mtu ambaye sio mimi. Nakusimulia kwa sababu umeniuliza sana hii biashara ya kuuza majina ya mtandaoni kwa imeili, na swali lako kila siku ni hilohilo: mteja akikaa kimya, nifanyeje? Sasa kaa hapo, tulia. Na usinikatize, hasira zangu unazijua.

Mimi sio mzee wa kutembelea fimbo. Ndevu zenyewe zinaota upande mmoja, upande wa pili bado zinajadiliana. Lakini kwenye hili niliumia kabla yako, kwa hiyo leo mzee ni mimi, vumilia.

Mimi na Gwakisa tulikuwa wapiga debe stendi ya Mbeya. Mimi waliniita Spika, kwa sababu ya mdomo. Lakini mwenye sauti alikuwa Gwakisa. Akiita "Iringa, Moro, Dar!" mama wa chai ng'ambo ya barabara anamwaga maji. Halafu ile sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema ni baridi ya Juni, itapita. Juni ikapita, sauti haikurudi. Daktari akamwambia koo limeota vinundu, aache kupayuka moja kwa moja, la sivyo hata kunong'ona kutamshinda.

Mpiga debe asiye na sauti ni nani sasa? Bosi wa pale akamwambia "pole kijana", akageuka kutafuta mwingine. Nilitaka kumpiga yule bosi. Gwakisa mwenyewe ndiye aliyenishika mkono.

Basi akakaa na simu yake, akajifundisha mwenyewe, hakuna darasa. Akagundua kuna watu wanauza majina. Lile jina unaloandika kwenye simu likakupeleka kwenye tovuti ya mtu, wenyewe wanaliita domeni. Unaliandikisha kabla hajaliwaza mwingine, sio jina la kampuni ya mtu, hilo ni wizi, ni maneno ya kawaida ambayo mfanyabiashara angeyataka. Halafu unamtafuta mfanyabiashara wa kumfaa, unamwandikia imeili. Kazi haidai sauti hata kidogo. Umeona? Ilikuwa kazi yake kabisa.

Jina lake zuri kuliko yote lilikuwa maneno matatu yameunganishwa: mbao za kusini. Na mtu wa kumuuzia alishamwona. Alienda Iringa kwenye msiba, akapita Mlandege, akaona yadi ya mbao ya mama mmoja, Mama Faraja, na kibao chenye anwani ya imeili ndefu kama treni ya mizigo. Shida ni kwamba jina linalipiwa kila mwaka, na mwaka ulikuwa unaisha. Gwakisa alisema likimponyoka hili bila kuuzwa, anaacha hii kazi, anarudi Rungwe kwa kaka yake akakae. Alisema "akakae". Hakusema akalime, hakusema akafanye chochote. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Imeili ya kwanza aliandika vizuri. Alijitambulisha, akasema analo jina hili, akaeleza linamfaa kwa nini, akashukuru. Kimya. Akangoja, akaandika ya pili. Ya pili ilinikera, nakuambia ukweli. Alimsalimia, akampa pole ya mvua, halafu akamwambia: mama, hata kama jina hulihitaji, ile anwani kwenye kibao chako rangi imebanduka mwishoni, wateja watakosea kuandika. Nikamwambia, "Wewe unauza jina au unapaka rangi?" Akacheka ile ya kwake, mabega tu, sauti hakuna.

Kimya tena.

Hapo damu ikanichemka. Nikaona dharau. Mtu anamwandikia kwa heshima zote, yeye hata "sitaki" hawezi? Nikamwambia Gwakisa, "Mwambie gari inajaa."

Hujui hiyo, ngoja nikueleze. Basi likiwa tupu, abiria hapandi. Kwa hiyo wapiga debe wenyewe tunakaa ndani, mabegi mapajani, tumeegemea dirisha kama tunasafiri kweli. Abiria akichungulia akaona watu, anapanda haraka. "Bado mmoja tu, gari inatoka!" Likikaribia kujaa, sisi tunashuka mmoja mmoja. Tuliwaita abiria feki. Mimi nilikuwa hodari, mpaka nilikuwa najifanya nimesinzia.

Gwakisa hakutaka. Nilimsukuma siku nzima, na mtu asiye na sauti ukimbishia anachoka haraka kuliko wewe. Akaandika imeili ya tatu: kuna mteja mwingine analitaka jina, naye yuko tayari.

Sasa kile kimya kikakatika. Jibu lilikuja palepale. Mama Faraja aliandika hivi: "Kijana wangu Gwakisa, nashukuru kwa taarifa. Naomba unikutanishe na huyo mwenzangu. Kwetu watu wawili wakitaka shamba moja, wanakaa wanaongea wao kwanza. Aje Mlandege, atanikuta."

Gwakisa alisoma, akaweka simu chini kama imemuunguza.

"Unaona sasa?" akaninong'oneza. "Mteja yuko wapi?"

"Mteja ni mimi," nikasema.

"Spika, usiende."

"Nani atakaa siti ya mbele kama sio mimi? Unanijua mimi nakuacha?"

"Nimesema usiende."

Nikaenda.

Basi nikafika Mlandege. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kibao. Mwishoni mwa ile anwani ndefu palikuwa na rangi mpya, bluu imekolea kuliko nyingine. Nikakiona, nikapita. Kichwa changu siku hiyo kilikuwa kwenye uongo nilioubeba, hakikuwa na nafasi.

Mama Faraja alikuwa mtu mzima, kitenge na sweta, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikajikakamua na Kihehe changu cha stendi, "Kamwene!"

"Kamwene, mwanangu. Eee! Mnyakyusa wewe, hata salamu yako ina harufu ya migomba ya kwenu. Kaa hapo kwenye gogo."

Akaleta chai ya rangi na mahindi ya kuchemsha. Hakuuliza kitu mpaka nimekula. Ndipo akasema, "Kwa hiyo ndiye wewe unayelitaka jina."

"Ndiyo, mama. Nina biashara ya mbao Tunduma."

"Umeanza lini?"

"Ndio naanza."

Akachukua hindi, akawa anatafuna taratibu. Mimi nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno tayari: ataniambia yeye ni wa zamani, mimi nitapanda dau, yeye atapanda, na Gwakisa wangu atapona. Hivyo ndivyo nilivyopanga kwenye basi njia nzima.

"Basi lichukue wewe," akasema.

"Eh?"

"Lichukue, mwanangu. Mimi nina kibao changu, watu wa hapa wananijua hata kwa kikohozi. Wewe ndio unaanza maisha. Ukikwama mbao za kuanzia, njoo nikukopeshe. Ngoja nimwandikie huyo kijana kwamba nimekuachia."

Akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole gumba, herufi moja moja.

Mwanangu, stendi sijawahi kuona kitu kile. Abiria feki amekaa, abiria wa kweli akachungulia, akasema "aa, pamejaa, acha niwapishe," akaondoka zake. Nilikuwa nimeikalia riziki ya rafiki yangu kwa makalio yangu mwenyewe. Na yule mama anaandika tu, anatabasamu.

"Mama, usitume!" Nilipiga kelele mpaka wapasuaji mbao waliokuwa nyuma ya yadi wakazima mashine. "Usitume! Hakuna mteja. Mimi sina yadi Tunduma, Tunduma penyewe napajua kwa kuita abiria tu. Mimi ni rafiki yake."

Akavua miwani. Nikamwaga yote: debe, koo, daktari, bosi, Rungwe. Na mimi nikiona aibu nakuwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Badala ya kuomba radhi nikamgeukia: "Ila na wewe mama! Mtu anakuandikia mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ungemwambia hata 'subiri' ungepungukiwa nini?"

Wale wapasuaji walinitazama kama watu wanaosubiri mbwa afunguliwe. Yeye akamimina chai nyingine, akanisukumia.

"Kunywa, koo lako nalo litaharibika." Halafu akasema, polepole, "Hii yadi sio yangu. Miti aliipanda baba yetu, na tuko wanne. Jina la kuuzia mbao zetu ni kama mlango wa nyumba ya baba, siwezi kuuweka peke yangu. Tunakutana kijijini Kalenga, wote wakija kusafisha makaburi. Mimi nikimwambia kijana 'subiri', nimeshamwahidi kitu cha ndugu zangu. Wakikataa, mimi nimekuwa mwongo. Nikanyamaza."

Nikaishika ile chai, nikanywa kama nilivyoambiwa.

"Lakini imeili zake nilizisoma," akaendelea. "Kibao hukukiona?"

Ndipo nikageuza shingo, nikaiona ile rangi ya bluu kwa mara ya pili.

"Ile ya pili niliipenda. Alinisalimia, akanipa msaada, hakunidai jibu. Nikasema huyu shauri lake nitalipeleka Kalenga mwenyewe. Ile ya tatu ndiyo iliyonitoa. Mtu mwingine akishashika kitu, mimi siwezi kukivuta upande wa pili." Akafuta miwani kwa kitenge. "Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Alinikataza."

"Basi nenda kamwambie aniandikie tena. Aseme ukweli uliopo. Kama jina lina mwisho wake, ataje huo mwisho wa kweli, nijue. Na wewe, mwanangu." Akanielekezea kidole chenye gundi ya msonobari. "Rafiki yako amepoteza sauti. Usimfanye apoteze na jina lake. Jina sio hilo la mbao. Lake."

Nilirudi Mbeya na mbao moja fupi begani, alinipa eti nianzie biashara ya Tunduma. Kila aliyepanda basi aliniuliza napeleka wapi, na nikamjibu kila mmoja vibaya.

Gwakisa alinisikiliza mpaka mwisho. Nilijua atanifukuza. Alichukua simu, akaandika palepale mbele yangu, imeili fupi kuliko zote. "Mama, mteja mwingine hayupo na hakuwepo. Nisamehe. Jina bado lipo. Linaisha muda wake mwezi ujao, siku za mwisho za mwezi. Baada ya hapo sitaweza kulilipia tena. Ikikaribia hiyo siku nitakukumbusha mara moja, halafu sitakusumbua. Nawasalimu wa Kalenga."

Akatuma. Tukangoja. Mwanangu, mimi na kungoja hatuelewani. Kila asubuhi nilimwambia "muulize kidogo tu", na yeye anaficha simu kwenye soksi. Ilipokaribia ile siku aliyosema, akamkumbusha, maneno machache, kama alivyoahidi. Basi. Halafu akaanza kukunja nguo zake za kwenda Rungwe, taratibu, bila kuniangalia, na mimi nikawa nazikunjua.

Jibu lilikuja tukiwa tunagombania koti. Alisoma, akanipa simu, akakaa chini. "Ndugu zangu wamekubali wote watatu. Niambie namna ya kufanya. Na yule mteja mwenzangu wa Tunduma mwambie, siku akijenga nyumba ya kweli aje, mbao zipo." Nikamwangalia Gwakisa. Mabega yanaruka, machozi yanatoka, sauti hakuna. Sijawahi kusikia mtu akicheka kwa nguvu namna ile.

Leo majina anauza yeye, na mimi simu zake napokea, kwa hiyo bado ni Spika.

Sasa nasaha yako hii hapa, ishike. Mteja akikaa kimya, usikimbilie kuona dharau. Hujui anangoja nani, hujui kuna kaburi la baba gani kati yake na neno "ndiyo". Mwandikie tena, lakini usirudi mikono mitupu kuuliza tu "vipi, umeamua?" Rudi na kitu kitakachomsaidia hata kama hatanunua. Mpe nafasi kati ya barua na barua, ya kutosha mtu kupumua na kuongea na wenzake. Kama kuna siku ya mwisho, taja ya kweli. Ukimwahidi kumkumbusha mara moja, iwe mara moja. Akikataa, mshukuru umwache aende, begi lake usilishike. Na usimjazie gari watu wasiosafiri, maana kuna watu wastaarabu huku kwetu, wakiona pamejaa wanapisha.

Hili la mwisho ni la kwangu mwenyewe, halihusu imeili. Rafiki yako akikuambia "usiende", na anakuambia kwa sauti aliyobakiwa nayo, kaa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wateja wanaosoma mpaka mwisho, akupe subira ambayo mimi alininyima, na koo lako alilinde na baridi ya Mbeya. Ukiuza la kwanza, usinipigie simu kunipigia kelele. Niandikie.