Mboga za Serikali

Mtu akiniambia kwamba serikali haikuwahi kuwajali watoto wa milimani kwetu, humkatiza. Iliwajali. Ilituma watu, ikatoa amri, ikaleta mbegu za bure, tena mbegu nzuri. Zilipandwa nyuma ya jikoni kwangu, na binti yangu aliziona zikiota na kuzaa.

Niliolewa upande wa Gesima miaka ya sabini ilipoanza, wakati chai ilikuwa imempanda kila mtu kichwani. Kwa mama yangu tulilima wimbi, na katikati ya wimbi mboga zilijiotea zenyewe: chinsaga, managu, mchicha. Ukienda kupalilia, ulirudi na kitoweo. Nilipofika kwa mume wangu nilikuta wimbi limeng'olewa, malisho yamelimwa, ng'ombe ameuzwa, na chai imepandwa hadi chini ya michirizi ya paa. Bwana shamba wa chai alitaka mistari safi. Akikuta jani la managu hapo kati, alifoka kana kwamba amekuta nyoka. Na chai yenyewe hukuruhusiwa kuing'oa bila kibali. Ukishaipanda, ina sheria yake. Basi tukawa watu wa chai kwelikweli. Tuliichuma mchana, tukainywa asubuhi na jioni na sukari tele, tukaisindikiza na ugali mweupe wa dukani, tukajiona tumeendelea.

Mume wangu alifanya kazi Nairobi na kurudi Krismasi. Nyumbani nilibaki na wazazi wake na binti yangu wa kwanza. Nilipopata mimba ya pili, mama mkwe aliniambia nimwachishe mtoto ziwa, maana kwetu ilisemwa kwamba maziwa ya mwenye mimba humdhuru anayenyonya. Nikamwachisha. Mtoto akaanza kula tulichokula sisi, yaani chai na ugali.

Hapo ndipo chifu alipoitisha baraza. Watoto wanavimba miguu, alisema, na serikali imechoka kuwaona wakivimba. Kila boma liwe na bustani ya mboga na maharagwe, kuku wa mayai, choo, na kichanja cha kuanikia vyombo. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara, mahali ambapo gari lingeweza kugeuzia, kwa hiyo tukachaguliwa kuwa boma la mfano. Wageni wakubwa wangekuja kukagua.

"Na siku hiyo," chifu akamwambia baba mkwe mbele ya watu wote, "nisikute hata jani moja limepungua."

Baba mkwe hakuwa mjinga. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hucheka, na mimi kicheko hicho sikipendi. Wakati wa Wazungu alilazimishwa kupanda miti kwenye ukingo wa shamba lake. Ilipokomaa, alikata mmoja ajengee jikoni, akafungwa. Mti ulikuwa kwenye udongo wa baba yake, aliupanda kwa mikono yake, na bado ulimpeleka jela. Kisha Uhuru ukaja, chai ikaja, na hiyo nayo ikawa yake asiyoweza kuing'oa. Sasa yamekuja maharagwe. Mbegu zimetoka serikalini, amri ni ya serikali, na gari litakalokuja kuyaangalia ni la serikali. Wewe ungedhani ni ya nani? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa kuwa chai haing'olewi, bustani ilichukua kile kipande kimoja kilichobaki, ambacho mama mkwe alikuwa amekiwekea viazi vitamu na managu yake. Tulivifukua viazi vikiwa bado vidogo kama vidole. Mama mkwe aling'oa managu yake mwenyewe, akayapika jioni hiyo, na hiyo ikawa mboga yetu ya mwisho kwa muda mrefu.

Bustani ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kabichi zilifunga, sukuma wiki zikasimama, karoti zikatoa manyoya yake, maharagwe yakapanda miti na kuning'iniza maganda. Kuku wakataga, na mayai yakawekwa kwenye kikapu chumbani kwa baba mkwe. Aliizungushia bustani ua wa miiba na kuweka kilango. Kila asubuhi alinyunyiza maji, huku akimfukuza mjukuu wake asiukaribie ua. Alimfukuza kwa upole. Alimpenda.

Mtoto mwenyewe alikuwa ananenepa. Ndivyo majirani walivyosema, na mimi nikataka kuamini. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa. Lakini nywele zake zilianza kuwa nyekundu na laini, zikitoka ukizigusa, na yeye ambaye alikuwa mtundu akawa mtu wa kukaa tu. Hakulia kwa nguvu wala hakucheka. Mtoto asiyecheka ana jambo, na mimi nilijua, hata kama sikulijua jina lake.

Asubuhi moja baba mkwe alipopeleka chai kwenye kituo, niliingia bustanini nikachuma maharagwe mabichi, nikayapika, nikayaponda, nikamlisha. Alikula kidogo kidogo, akaniangalia kama mtu aliyekumbuka kitu. Baba mkwe aliporudi aliliona pengo. Hakunigombeza, kwa sababu kwetu kuna chinsoni, heshima ya kuogopana kati ya mkwe na mke wa mwanawe. Hatusemezani ana kwa ana, hatugusani mikono, hapiti mlangoni kwangu, nami sipiti mbele yake akiwa ameketi. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia jikoni:

"Mwambie huyo kwamba mimi sitafungwa mara ya pili."

Siku iliyofuata alichukua kigoda chake, akaketi kwenye kilango cha bustani.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamtaelewa. Kigoda kile kilikuwa kufuli. Ningeweza kuruka ua wa miiba na mimba yangu kabla ya kuweza kupita mbele ya baba mkwe. Nilimtuma mama mkwe amwambie mtoto anaumwa. Jibu likarudi kwa njia ileile: wageni wakishapita, ataomba ruhusa kwa chifu, na tutakula. Kila siku nilimtuma, na kila siku wageni walikuwa njiani. Mahali pengine mvua ilikuwa imekata barabara, au gari lilikuwa limeharibika. Sisi tulingoja. Hasira niliyokuwa nayo ilinifanya nishindwe hata kusali Jumamosi kanisani kwetu kwa Wasabato.

Wakaja hatimaye, Landrova mbili zenye matope. Baba mkwe alivaa koti lake la mazishi na harusi. Afisa mmoja alihutubia akiwa amesimama kati ya kabichi, akasema hiki ndicho chakula kinachojenga taifa, akawataka majirani waige. Watu wakapiga makofi. Miongoni mwa wageni alikuwepo muuguzi, mama mtu mzima, aliyechoka kusimama juani akaja kutafuta kivuli jikoni kwangu. Alimwona mtoto. Alichuchumaa, akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Alitoka nje akamuuliza baba mkwe kwa Kiswahili, "Mzee, hizi mboga na mayai mnawapikia watoto namna gani?"

Baba mkwe aliuelewa mtihani, na alikuwa na jibu lake tayari. Alinyoosha mgongo.

"Hapana, mama! Hii mboga ni ya serikali. Sisi hatujagusa. Hata moja hatujagusa!"

Afisa alicheka, akadhani mzee anatania. Mwingine akacheka kwa kuwa afisa amecheka. Ndipo nilipotoka nikiwa nimembeba mtoto, nikasimama mbele ya baba mkwe, uso kwa uso, nikamwita kama nilivyomwita baba yangu mzazi.

"Tata, anakufa. Waambie anakufa."

Majirani waliguna wote kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kumsemesha. Hadi leo wapo wanaoikumbuka siku ile kama siku ambayo mke wa fulani alivunja chinsoni mbele ya serikali. Mguu wa mtoto hawaukumbuki.

Muuguzi aliamuru tupelekwe hospitali mjini Kisii kwa gari lilelile. Lakini kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na baba mkwe alikuwa ameshafungasha zawadi. Kwa hiyo nilisafiri nyuma ya Landrova katikati ya kabichi za kwetu, na kikapu cha mayai kati ya miguu yangu kisije kikapinduka. Nilikishika vizuri. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mwingine ukayalinda mayai ya wageni, na njia nzima hakuna yai lililovunjika.

Wale wauguzi wa wodini walijitahidi. Walimpa maziwa kwa kijiko, pole pole, usiku na mchana, wakaniambia wazi kwamba nimechelewa kuletwa. Niliwajibu kwamba tulikuwa tunangoja wageni. Hawakunielewa, nami sikuwa na nguvu za kueleza. Alifariki asubuhi, akiwa ameshika kidole changu.

Tulipomrudisha nyumbani, baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, ila sasa kigoda kilikuwa uwanjani, mbali na bustani. Alimwangalia mtoto ndani ya shuka. Hakumtafuta mkewe ampe maneno ya kunifikishia. Alitazama ardhini akasema, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kunisemesha mimi:

"Chumeni. Chumeni zote."

Mama mkwe aliingia na jembe, wanawake wa jirani wakaingia na visu. Kilango kiling'olewa kikawa kuni. Kabichi zilizosalia zilikatwa, sukuma wiki zikachumwa hadi kwenye kikonyo, na kuku wakachinjwa. Maharagwe yalikuwa yamekauka vizuri juu ya miti, yakatosha sufuria kubwa ya kanisa. Watu waliokuja kuzika walikula na watoto wao. Chifu naye alikuja, akaketi kwenye benchi, akapewa sahani, akaongezewa. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Mimi nililetewa sahani ya maharagwe ndani, kwa sababu nilikuwa na mwingine tumboni na mama mkwe alisema lazima nile kwa ajili yake. Nilikula. Ningependa kuwaambia kwamba hayakupita kooni, kwamba yalikuwa machungu. Hayakuwa machungu. Yalikuwa yameiva, yamekolea chumvi, matamu, na niliyamaliza yote.