Babu Aliyegandishwa Peke Yake

Mtaani walimwita Mama Hakiki, naye hakulikataa jina. Alilichunguza wiki nzima, akaona linamfaa. Alikuwa msusi, mjane, na tangu alipouziwa nywele za bandia zilizoyeyuka juani, hata ukimwambia kumekucha alichungulia dirishani kwanza.

Kwa hiyo afisa wa hifadhi ya waliogandishwa alipopiga hodi na kumwamkia "Shikamoo mama" mara mbili, alijua kuna jambo.

Babu mzaa babu yake alikuwa amelala kwenye baridi kali tangu zama za magari ya petroli. Sasa dawa ya ugonjwa wake ilikuwa imepatikana, na sheria ilikuwa fupi: haamshwi mtu mpaka apatikane ndugu wa kuishi naye. Ndugu wawili walikwisha kukataa, mmoja akiwa kaka yake Mama Hakiki, fundi bomba, ambaye wakati huo alikuwa mezani kwake akila bila kualikwa. Aliyebaki ni yeye tu. Akikataa, babu anazikwa.

"Chumba cha nyuma kinatosha kabisa," alisema afisa, ambaye hakuwa amekiona chumba cha nyuma.

"Mpokee, dada," kaka akadakia. "Damu yetu hiyo."

"Mchukue wewe."

"Mimi? Mimi nina mbwa."

Mama Hakiki akamgeukia afisa. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole sana. Mtu wa familia."

"Na mkewe mmemgandisha wapi?"

Afisa akakohoa. "Alizikwa. Nafasi yake ilikuwepo, ila aliikataa mwenyewe. Alisema anataka kupumzika."

"Kwa sababu ya ugonjwa?"

"Hapana, mama. Alikuwa mzima wa afya."

Kaka akaacha kutafuna.

"Nikikataa, nitakuwa nimemuua?" Mama Hakiki akauliza.

"La hasha! Kisheria amekwisha kufa."

"Basi mbona hamwezi kumzika mpaka mimi nikatae?"

Mama Hakiki alijua amemshinda afisa, ila hakufurahia ushindi huo. Hata mtu msumbufu hupenda kuvuta pumzi. Lakini shahidi aliyeishi na mtu huyo alikuwa mmoja tu, mkewe, na alipoambiwa wanaweza kuendelea pamoja, alichagua udongo.

"Mzikeni," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Kando ya mkewe?"

"Thubutu! Mtafutieni makaburi mengine."